Debe Tupu Mnadani

Wewe unayesoma, ulipita kwenye chemchemi ya Kabuchai ukaangalia kando. Usijitetee. Mimi nakumbuka.

Nakumbuka mwaka 2001 kanisa letu likipanda blugamu, yaani mikaratusi, pale, tukiimba, ati tunatunza mazingira. Mti ule unakunywa maji kama ng'ombe. Tulijua, tukanyamaza, kwa sababu nguzo zake zingetupatia mabati ya kanisa. Kufikia 2009 chemchemi ilikuwa tope. Mama Rispah, anayeishi hapo chini, akawa anachota mtoni, asubuhi nzima njiani, mgongo umepinda.

Jumapili ya mavuno, mchungaji Wangila alitangaza safari ya Kitale: makanisa yataandamana, yawaambie wenye viwanda vya ng'ambo kwamba ukame wetu ni moshi wao. Tukapiga makofi. Kisha mnada, kama desturi: kila sadaka ya shambani inauzwa pale mbele ya madhabahu. Kuku, ndizi, mahindi. Rispah akaleta debe tupu.

Aliyekuwa akinadi ni mzee Gathii, mgeni aliyetoka Kitale kutualika. Akalitikisa debe.

"Mama, sasa hapa nauza nini? Hewa?"

"Mavuno ya chemchemi yetu, mzee. Uza."

"Hewa ya Kabuchai ni tamu, bana!" mtu akapiga kelele nyuma. Kanisa likacheka.

Rispah hakucheka. "Huko Kitale mtaambia wazungu wapunguze moshi. Waambieni, ni kweli. Na blugamu zetu atakata nani?"

"Mama, si tungoje kamati ya kanisa," mchungaji akasema.

"Kamati inakunywa maji ya wapi?"

Gathii akaweka debe mezani. "Mimi naweka shoka langu. Nani anaongeza?"

Wakaongeza mashoka yao. Jumamosi tulikata miti yote, tukapigwa picha tumesimama juu ya visiki, na picha ikabebwa mbele ya maandamano Kitale. Tulisifiwa sana.

Lakini blugamu haifi kwa shoka. Kisiki usipoking'oa kinachipuka, na kila mtu Kabuchai anajua. Mvua ya kwanza, vikachipuka. Kamati ikasema kazi iliisha, picha si ipo? Sasa Rispah anachimba peke yake, kisiki baada ya kisiki, na tope bado ni tope.

Ndiye huyo uliyempita ukienda ibada, Biblia kwapani. Weka karatasi hii chini. Chukua jembe, ushuke chemchemini. Leo, kabla kamati haijakaa.