Povu la Dawa ya Meno

Siku Pilipili alipoamua kufa kidogo, alichagua uwanja wa mbio za asubuhi, penye watazamaji wengi na nyasi laini. Alibana dawa ya meno shavuni, akakimbia nusu ya uwanja kwa heshima zote, kisha akajibwaga chini akitikisa miguu na kutoa povu jeupe. Mwalimu wa michezo alisahau filimbi mdomoni, ikawa inalia kila anapopumua.

Alibebwa hadi zahanati ya shule kama malkia. Ombi lake kwa ulimwengu lilikuwa dogo tu: asamehewe mbio hizo hadi shule zifungwe.

Sista wa zahanati, ambaye wasichana wote walimwita Sindano, aliinama akamnusa.

"Kifafa chako kinanukia mnanaa," alisema.

Pilipili akafumbua jicho moja. "Sista, kila mtu na chake."

"Haya. Na mimi nina changu." Sindano akaonyesha ukutani, kanuni zilipoandikwa kwa rangi nyekundu: dawa za nyumbani zikabidhiwe kwa muuguzi, mzazi aeleze maradhi ya mwanawe, mwanafunzi akianguka, mzazi aitwe siku hiyo hiyo. "Haikuandikwa akianguka kweli. Imeandikwa akianguka."

Mama yake, fundi cherehani, alifika mbio, utepe wa kupimia ungali shingoni. Pilipili alikuwa amejiandaa kwa masimango. Hakujiandaa kumwona mama akisimama mlangoni, akiangalia kitanda, kisha akiketi ghafla juu ya ndoo ya maji iliyofunikwa.

"Kimerudi," alisema mama.

Sindano alikuwa ameshafungua kinywa kutoa hotuba juu ya mizaha. Akakifunga.

"Hakijarudi kitu, mama," Pilipili alisema. "Nilikuwa naigiza."

Mama hakumsikia. "Kilimwanza hata kusema hajajua vizuri. Daktari akampa vidonge, na tangu hapo hajaanguka. Nilizisoma kanuni zenu, Sista. Nikaogopa nikisema mtamnyima nafasi. Nikamwambia ni vitamini za akili, azifiche kwenye kopo la maziwa ya unga."

"Nani amnyime nafasi, mama? Tunauliza ili tujue pa kumshika akianguka."

Pilipili aliketi. "Vile vyeupe?"

"Hivyo hivyo, mwanangu. Si unavimeza kila usiku?"

Pilipili alifumba macho. Aliliona kopo. Aliiona foleni bwenini, yeye amejifunga shuka kama mganga mkuu, akigawa vitamini za akili, wenzake wakipokea kwa mikono miwili. Akamwona Kompyuta, wa kwanza darasani, aliyelala fofofo katika mtihani wa jiografia hadi mate yakachora bara zima kwenye karatasi. Bweni lote lilicheka siku ile. Yeye alicheka kuliko wote.

"Niligawa," alisema. "Mimi sijameza hata kimoja tangu tufungue. Nilijiona akili ninazo za kutosha."

Mama aliuvuta utepe shingoni, akaukunja na kuukunjua.

"Dawa hii haikatizwi ghafla, wala haigawiwi," Sindano alisema polepole. "Bahati imekubeba mgongoni, mtoto, lakini mbeleko imechakaa. Unakwenda hospitali na mama yako sasa hivi. Kwanza nitajie wote waliomeza. Wazazi wao wataitwa leo."

"Watanichukia, Sista."

"Wakiwa wazima, watapata nafasi ya kukuchukia."

Akawataja. Wa kwanza kuitwa alikuwa Kompyuta, aliyeingia kwa kunyata, akasogea kitandani akifikiri anamtazama mgonjwa.

"Pole, shoga," alinong'ona. "Nilikuombea. Na usijali, zile vitamini zako nilizibakiza. Nilitaka nimeze zote mchana huu kabla ya mtihani wa hesabu, safari hii nisije nikalala tena."

Akafungua kiganja. Kilikuwa kimejaa vidonge.

Pilipili alivitazama. Kisha akamshika rafiki yake mkono kwa mikono yake miwili, akaufunga juu ya vidonge vile, na bila kuuachia akampeleka hadi mbele ya Sindano, chini ya maandishi mekundu.

"Mkabidhi, Kompyuta," alisema. "Halafu nisikilize. Safari hii sitanii."