Mbalamwezi Laenda Zagayu

Bujiku alipostaafu udereva, tajiri yake, Nassib, alimwita gereji pale Bariadi ili amkabidhi zawadi ya kumuaga. Godoro zuri lilikuwa limeegemezwa ukutani, bado lina nailoni yake.

"Bosi, asante sana," Bujiku alisema. "Lakini kama ni zawadi, mimi naitaka Mbalamwezi."

Nassib alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. Mbalamwezi lilikuwa basi la kwanza Bujiku kuendesha. Injini yake ilikwisha ng'olewa. Lilibaki bodi, viti, usukani na magurudumu nyuma ya gereji, na kuku walitagia kwenye siti ya nyuma.

"Mzee wangu, hilo haliendi popote."

"Litakwenda kwangu Zagayu."

Aliyemjua Bujiku tangu utoto asingeshangaa. Alipokuwa akichunga ng'ombe, akisikia honi tu aliwaacha na kukimbilia barabarani, na ng'ombe wakaonekana baadaye katikati ya pamba ya watu. Alichapwa, na kesho yake akakimbia tena. Alipokua aliosha mabasi, akawa konda, mwishowe akashika usukani. Hata siku za mapumziko alikwenda stendi kuyatazama yakiingia. Siku ya harusi yake alichelewa kanisani kwa sababu basi jipya lilikuwa limeegeshwa njiani, naye alitaka kuchungulia dashibodi kidogo tu.

Nassib akampa basi, na godoro akalitupia ndani.

Danford, dereva wa lori la pamba, alikubali kulivuta Mbalamwezi kwa mnyororo, yeye mbele na Bujiku nyuma kwenye usukani. Walikwenda polepole mchana kutwa, Bujiku akiwapungia mkono watu wote, wanaomjua na wasiomjua. Lakini walipofika njia ya kuingilia kijijini, Danford alishuka, akatazama mchanga, akatikisa kichwa.

"Hapa lori langu litazama. Nitakuachia betri hii ya zamani, angalau upate honi."

Bujiku alibaki amekaa ndani ya basi lake, furaha ikianza kumtoka. Ndipo akapita Mwandu, jirani yake, akiswaga maksai wake kutoka kunywa maji. Mwandu alilizunguka basi mara mbili.

"Wanavuta jembe," alisema mwishowe. "Wanavuta mkokoteni. Hili nalo si lina magurudumu?"

Akafunga nira. Basi halikusogea. Akatuma watu kwa majirani, na jozi baada ya jozi zikaletwa, za weupe, za wekundu, za wenye mabaka, zikapangwa mbele ya Mbalamwezi kama siku ya kulima shamba kubwa. Mijeledi ikalia hewani. Basi likaguna, likatikisika, likaanza kutembea.

Watu walipiga vigelegele. Waliokuwa kando ya njia walidandia mlangoni, wakagombea siti, wakafungua madirisha. Mama mmoja alipanda na kuku wake, akisema basi bila kuku halijakamilika. Bujiku aliushika usukani kwa mikono miwili, machozi yakimtoka huku akicheka.

"Mzee, usipige honi!" Mwandu alimwonya, akitembea mbele na maksai. "Hawa hawajazoea!"

"Siipigi," Bujiku alisema, na kweli hakuwa na nia ya kuipiga.

Lakini nyumba yake ilipotokeza, alimwona mkewe, Klementina, amesimama uani, mikono kiunoni, mdomo wazi. Bujiku akajisahau. Akaibonyeza honi yote.

Maksai wakaruka kama ndama. Mwandu akajitupa pembeni. Basi likashuka mteremko kwa mwendo ambao halikuwa nao hata lilipokuwa na injini, abiria wakipiga kelele, kuku akiruka toka siti hadi siti. Bujiku alivuta breki ya mkono kwa nguvu zote. Likaikata kamba ya nguo, likasimama kimya kando ya jiko, khanga za Klementina zikiwa zimefunika kioo chote.

Hakuna aliyeumia. Klementina alizitoa khanga zake kwenye kioo moja moja, akamwona mumewe nyuma ya kioo hicho. Alitaka kugomba. Badala yake kicheko kilimshika, akacheka mpaka akakaa chini, akainuka, akacheka tena. Kisha akapanda.

"Nataka siti ya dirishani."

"Karibu, mayu, karibu mama. Unakwenda wapi?"

"Mwanza, kwa binti yetu Esteria. Na usikimbize!"

Bujiku akakaa wima, akaingiza gia, akaunguruma kwa mdomo. Abiria wote wakaegemea kushoto kwenye kona, wakaegemea kulia. "Lamadi hapo, wa kushuka!" aliita, na Mwandu, ambaye alikuwa amepanda akijipangusa vumbi, akashuka kweli. Maksai walikuwa wamefunguliwa, wanakula majani nyuma ya nyumba.

"Magu!" Bujiku aliita tena, akakanyaga breki, na wote wakainama mbele.

Klementina akatoa mkono dirishani kama wafanyavyo abiria. Mwandu akaja mbio na sahani ya viazi vitamu alivyovikuta jikoni kwa Klementina mwenyewe, akaanza kumuuzia kama mchuuzi wa stendi, naye Klementina akaomba apunguziwe bei.