Debe Hurudi Lilikotoka

Mjinga wa siku ile alikuwa Yunusi, na hata ukimwuliza leo hakatai. Husema tu kwamba ujinga wenyewe ulikuwa wa mikono. Kichwa hakikuhusika, kwa kuwa kichwa kilikuwa kimebanwa ukutani, kama kilivyoagizwa.

"Kisogo kiguse ukuta, mzee," alisema Mwalimu Murithi. "Hivyo hivyo. Usitikisike."

Kidevuni pake paliegemea debe la rangi lililojazwa zege, limening'inizwa kwa kamba kutoka kwenye boriti ya dari. Yunusi alilijua debe lile. Ni yeye aliyelijaza jana yake, akapanda ngazi, akalifunga. Kazi yake pale sekondari ilikuwa kufagia, kuteka maji na kugonga kengele, fizikia haikuwamo. Lakini mwalimu alipouliza nani atajitolea, wanafunzi thelathini waliangalia viatu vyao, na yule mtu wa bara, aliyeletwa Pate kutoka Meru na mapenzi yake ya majaribio, akatoka nje akamkuta mwenye ufagio.

Angeweza kukataa. Hakukataa kwa sababu safu ya pili, karibu na dirisha, alikaa Sumeiya, bintiye. Siku ya kwanza ya kidato cha kwanza msichana alimwambia, kwa adabu zote: "Baba, ukinipita shuleni usinisemeshe." Akamtii. Miaka miwili alimpita mwanawe mlangoni kama mtu anayepita nguzo. Leo ameitwa ndani, mbele ya ubao. Leo, aliwaza, ataniona nina kazi ya maana.

"Nishati haizaliwi wala haifi," mwalimu alieleza darasa, huku akiegemeza simu yake kwenye vitabu ili inase kila kitu. "Debe litakwenda, litarudi, na haliwezi kupanda zaidi ya pale lilipoanzia. Litamfikia mzee kidevuni, litasita, litaondoka. Hata unywele halitagusa. Umeelewa, Mzee Yunusi?"

"Nimeelewa, mwalimu. Kwenda na kurudi ni ndia moja."

Darasa likacheka kidogo. Sumeiya alikuwa akichora mistari pembeni mwa daftari.

"Basi, achilia."

Sasa, wiki iliyopita ilikuwa Idi. Kila Idi, mwaka wa ishirini huu, Yunusi hufunga pembea uwanjani na watoto wa mji hupanga foleni. Mtoto ukimwachilia hivi hivi, bila kumsukuma, hugeuka akakutazama kama umempunja haki yake. Mikono ilijua hivyo. Mikono ikaliachilia debe na, kwa hisani tu, ikalisukuma.

Debe likaenda kwa madaha hadi karibu na dawati la mbele. "Angalieni," alisema mwalimu. Wakaangalia. Likarudi.

Mlio wake haukuwa mkubwa. Kama nazi inayovunjwa na mtu aliyezoea kuzivunja.

Walicheka. Tusiwasingizie unyama: walianza kabla hawajaona damu, na walipoiona waliendelea kidogo tu, maana kicheko nacho kikishashika kasi hakisimami papo hapo. Yunusi alitema meno mawili kiganjani, akayatia mfukoni. Kisha akafanya jambo lililowachekesha upya: akatoka, akarudi na ndoo na tambara, akapiga magoti, akaanza kupangusa damu yake. Sakafu ilikuwa kazi yake.

"Nilisema achilia," alisema Murithi. Midomo ilikuwa imemkauka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeingiwa na hofu, na huyo huumiza vile vile. "Sikusema sukuma. Mlisikia?"

Akaichukua simu, akarudisha video nyuma, akatazama, na rangi ikamrudia usoni.

"Hii hapa. Mikono yake inaonekana. Nishati ameongeza mwenyewe." Akampa mwanafunzi wa mbele. "Pitisheni, kila mtu aone. Halafu muandike: debe lilimrudishia mzee alichokipa."

Simu ikapita mkono kwa mkono. Mvulana mmoja, Hussam, aliitazama mara mbili, huku amejibana pua asicheke. Kila ilipotua, Yunusi aliyasikia meno yake yakivunjika tena, kwa sauti nyembamba ya kopo. Aliendelea kupangusa mahali palipokwisha kutakata.

"Kweli nilisukuma, mwalimu," alisema kwa mdomo uliovimba. "Mjinga ni mimi. Lakini ifute." Alikuwa akihesabu madawati. "Ifute kabla haijafika kule."

"Ni ushahidi, mzee."

Ikafika kule. Sumeiya aliitazama hadi mwisho, akailaza dawatini kifudifudi. Akainuka. Alimpita babake pale chini, na alipompita akasema, darasa zima likisikia, "Baba, acha hiyo sakafu." Kisha akalishika debe, lililokuwa bado likiyumba, akalivuta hadi ukutani, penye alama ya mafuta ya kisogo.

"Kaa chini, Sumeiya," alisema Murithi. "Fizikia haimwonei mtu. Jaribio halina kosa lolote."

"Ndiyo, mwalimu. Basi njoo uegemeze kisogo hapa, niachilie mimi. Kama nimesukuma au sikusukuma, utajua likirudi."