Wino wa Mtoto wa Pili

Ofisini wananiita Mama Jalada. Jina lenyewe silipendi, ila naliitikia. Nimekaa masjala ya vizazi miaka ishirini na sita, na sitazisifia zama za karatasi kwa sababu tu nilikuwa kijana zilipokuwepo. Zilikuwa zama za taabu. Mtu aliamka alfajiri kuwahi foleni, akafika dirishani saa tano, nikamwambia njoo kesho, maana kitabu chake kilikuwa chini ya vitabu arobaini na mwenye ufunguo wa kabati amekwenda msibani. Nimewaambia watu njoo kesho mpaka mume wangu akawa ananitania kwamba siku moja nitamwambia na yeye.

Kwa hiyo mfumo wa kompyuta ulipokuja, sikuupinga. Niliyemnunia ni Injinia aliyeuleta. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mpole, shati limenyooshwa hadi mikononi, na alikuwa na neno lake moja: asilimia mia. Vitabu vimeskaniwa, asilimia mia. Rekodi zimeingia, asilimia mia. Aliyasema hayo Ijumaa moja asubuhi mbele ya Msajili, mkuu wetu, huku vitabu vyangu vikiwa kwenye magunia koridoni vikingoja lori la kiwanda cha karatasi, lije Jumatatu kuvichukua vikasagwe.

"Baba," nilimwambia, "asilimia mia ni ya Mungu peke yake."

Akacheka. Alidhani namtania.

Ijumaa ile ile, saa nne asubuhi, mama mmoja alikuja dirishani kwangu na binti yake. Binti alikuwa amehitimu ukunga na amepata nafasi hospitali ya wilaya. Kilichobaki kilikuwa kujaza namba yake ya kuzaliwa kwenye tovuti ya ajira, na tovuti ilikuwa inafungwa siku hiyo saa kumi jioni. Alikuwa nacho cheti, cha zamani, kimeandikwa kwa mkono. Lakini kila akiingiza ile namba, mfumo ulimjibu kwamba ni ya mwanamume.

"Ni ya kaka yake," mama akasema. "Ni pacha. Yeye ni fundi simu, mfumo unamjua. Huyu haumjui."

"Mmeshafika dirisha namba mbili?"

"Mara tatu wiki hii. Dada wa pale amesema cheti ni cha kughushi. Halafu akaniuliza kama nina hakika nilizaa wawili. Nikamwambia nilikuwepo."

Binti hakucheka. Alikuwa ameshika kile cheti kwa mikono miwili. Miaka mitatu amezalisha wake za watu kwenye mafunzo, na yeye mwenyewe anaambiwa hakuzaliwa. Niliinuka, nikawaambia nifuateni, nikaenda moja kwa moja hadi meza ya Injinia.

"Mashine yako imemeza mtoto wa watu," nikamwambia, na sikupunguza sauti.

Yeye hakupandisha yake. Aliandika namba, akageuza kioo tuone wote. Picha ya ukurasa ilikuwa safi: jina la kaka kwa wino mweusi, na chini yake peupe.

"Mama, ukurasa ndio huu. Mstari mmoja, mtoto mmoja."

"Mimi picha sitaki. Nataka kitabu."

Magunia yalikuwa hamsini na mawili. Binti alivua viatu, mama yake akajifunga khanga kiunoni, Injinia akakunja mikono ya lile shati lake, na wote wanne tukaingia vumbini. Tulipiga chafya mpaka watu wa foleni wakatuombea afya kwa zamu. Tulikipata saa saba na nusu, ndani ya gunia la thelathini na tisa. Nikafungua ukurasa, nikashuka kwa kidole mpaka kwenye ile namba.

Kaka alikuwa pale kwa wino mweusi. Na chini yake, kwenye mstari uleule, kwa herufi ndogo za wino mwekundu, lilikuwepo jina la dada yake.

Mwandiko ulikuwa wangu.

Naomba nieleze, kwa sababu hili ni jambo la masjala na mtu wa nje hawezi kulijua. Enzi zile tulipewa vitabu kwa kuhesabiwa, na kikijaa kabla ya wakati tuliweza kungoja kipya miezi mitano. Basi tukawa tunabana. Pacha tuliwaandika mstari mmoja kwa namba moja: wa kwanza kwa mweusi, wa pili kwa mwekundu, ili anayesoma amwone haraka na asimpoteze. Mimi nilifundishwa hivyo siku ya kwanza kazini, na nikawafundisha wengine kwa miaka kumi na saba.

Injinia alisogeza uso karibu na ukurasa, kisha akakaa juu ya gunia.

"Mistari ya vitabu hivi imechapwa kwa rangi nyekundu," akasema polepole. "Ilikuwa inachanganyika na herufi. Nikaiambia mashine isisome chochote chekundu."

Hapo ndipo ilipotakiwa nimrukie. Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo mwaka mzima. Lakini nikakumbuka karatasi moja. Kabla hajaanza kazi, Injinia alitupa kila mtu fomu yenye swali: je, kuna utaratibu wowote wa uandishi ambao mtu wa nje hawezi kuujua? Nilikuwa nimenuna siku hiyo. Niliandika hakuna, nikatia sahihi, nikaenda kunywa chai. Nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa nimekalia langu nikimcheka mwenzangu.

Nikamwambia Injinia habari ya ile fomu. Nilimwambia mbele ya binti na mbele ya mama yake, kwa maneno hayo hayo. Mama wa watoto akatutazama mimi na Injinia.

"Basi mlimpoteza mkishirikiana," akasema. "Mtafuteni mkishirikiana. Saa nane inagonga."

Mfumo haukukubali watu wawili kwenye namba moja. Kumpa binti namba yake mwenyewe kulihitaji idhini ya Msajili, na kumwomba Msajili idhini kulimaanisha Injinia akaseme kwamba asilimia mia yake haikuwa mia. Nilimwona akinyoosha shati lililojaa vumbi mlangoni. Niliingia naye. Alisema la kwake, nami nikasema la kwangu, kitabu kikiwa wazi mezani.

Msajili alisoma ule wino mwekundu mara mbili.

"Wako wangapi?"

"Hatujui," tukajibu pamoja.

Akainua simu, akalizuia lori. Kisha akatia idhini kwenye mfumo, akatuambia tuondoke mbele yake tukafanye kazi.

Zamani jambo kama hili lingekuwa barua ya kwenda makao makuu, jibu baada ya miezi minne, na mhuri uliokosewa tarehe. Injinia alikaa, akairudishia mashine ile rangi, na mimi nikaweka ukurasa chini ya skana kwa mkono wangu. Saa tisa na dakika ishirini, chini ya jina la kaka, pale palipokuwa peupe, jina la binti lilitokea kwenye kioo. Herufi zangu mwenyewe, tena nzuri. Nililia, na sioni haya kulisema.

Kuhusu wengine niseme hapa hapa, nisije nikasahau. Vitabu vyote vilisomwa upya kwa siku tisa, na wakapatikana pacha wa pili mia sita na kumi na mmoja. Kila mmoja alipelekewa namba yake kwenye simu, bila foleni na bila njoo kesho. Injinia sasa haanzi kazi ofisi yoyote kabla hajakaa siku nzima na makarani akiwauliza wanavyobana, na huwa ananichukua nimsaidie kuuliza, kwa sababu najua wanavyonuna.

Lakini siku yangu ni ile Ijumaa. Saa tisa na dakika thelathini na tano binti alipata namba yake mpya. Aliijaza kwenye tovuti akiwa peku, amesimama kwenye meza ya dirisha namba mbili, na yule dada wa dirisha akimshikia taa ya simu asikosee tarakimu. Saa tisa na dakika arobaini na nane tovuti ikajibu kwamba ombi limepokelewa. Binti aliweka simu chini, akaegemea meza, akacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Simu ya mama yake ikalia wakati uleule. Ulikuwa ujumbe wa mfumo kwa mzazi, kuthibitisha usajili wa binti. Aliusoma kimya, midomo ikicheza, kisha akaipandisha simu juu ya kichwa akageukia foleni nzima.

"Ndugu zangu," akasema, "serikali imenijibu. Nilizaa wawili."

Ukumbi mzima ulipiga vigelegele, na mimi nilikuwa wa kwanza.