Fuko la Popo

Marehemu Chirau aliacha shamba moja tu huko Munje, lenye minazi na pango la popo, na watu wawili wanaolidai. Alfani alikuwa mwanawe wa kumzaa. Mwinga alikuwa mtoto wa dadake, na kwa mila ya Wadigo wa kale yeye ndiye mrithi, maana mali hufuata fuko, yaani ukoo wa kikeni.

Kusema kweli, Alfani alikuwa ameshashinda. Shehe alikwisha kuwaambia wazee kwamba sheria ya dini inampa mwana, nao wakaitikia, ingawa kwa shingo upande. Mwenye akili angenyamaza hapo. Alfani akataka na sayansi imshuhudie.

Pangoni mlikuwa na mgeni, Owen, msomi wa kutoka Kisumu, akikata vipande vya ngozi ya mbawa za popo ili maabarani wakazisome chembe zake za urithi herufi kwa herufi. Alikuwa amemwambia Alfani kwamba kazi hiyo hufichua ukoo wa popo tangu enzi na enzi. Alfani aliposikia ukoo, akasikia baba. Akamwalika kwenye kikao cha wazee aje aeleze.

Owen akaja, akaamkia shikamoo kila upande, akaeleza kwa furaha ya mtu ambaye haulizwi mara nyingi.

"Ile sehemu tunasoma hutoka kwa mama peke yake."

Bi Mbeyu, mamake Mwinga, akamuuliza ya baba huenda wapi.

"Ya baba huishia kwake mwenyewe, mama. Haifiki kwa mtoto."

Alfani akamkonyeza anyamaze. Owen akadhani anaombwa afafanue, akaongeza kwamba hata binadamu ni vivyo hivyo.

"Kumbe na popo wana fuko," akasema Bi Mbeyu.

Wazee wakacheka mpaka wakafuta machozi. Siku zote walikuwa wakitafuta njia ya kurudi kwenye mila bila kumuudhi shehe, na sasa wameletewa: hii si mila, ni elimu. Shamba likaenda kwa Mwinga.

Alfani aliona haya, na hasira zaidi ya haya. Lakini kama mali hufuata fuko, naye ana mjomba, tena mwenye minazi mingi. Asubuhi akaenda Bodo kumweleza. Mjomba akamkaribisha chai na mahamri, akamsikiliza mpaka mwisho, akamsikitikia kwa dhati.

"Umechelewa, mpwa wangu. Nimeshawagawia wanangu. Si wewe uliyekuja hapa mwaka jana kunihimiza nifuate sheria?"