Kimya cha Mwandishi

Kituo kile kilikuwa na ghorofa moja tu katika jengo la zamani la chuo, na kazi yake ilikuwa kuwachunguza wakubwa wa vyuo vikuu: nani anachaguliwa, kwa utaratibu gani, na kwa nini akishakalia kiti hataki kuinuka. Watafiti wake waliandika ripoti, wakaishauri wizara, wakayafundisha mabaraza ya vyuo namna ya kujiongoza. Kujiongoza wao wenyewe, hapo sasa, nyani haoni kundule.

Mtafiti mwandamizi wa kituo aliitwa Bi Kifungu. Jina hilo walimpa wenzake, kwa sababu hata ukimwomba kalamu atakutajia kanuni inayokuruhusu kuazima. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole wa sauti, mwenye tabia ya kukunja mikono ya blauzi kabla ya kuandika kana kwamba anataka kukanda unga. Upole wenyewe ulikuwa wa juu juu. Ndani alikuwa na donda, na kila asubuhi alilitonesha kwa makusudi ili lisipone.

Donda hilo alitiwa na mkurugenzi, ambaye kila mtu alimwita Profesa, mzee mwenye tabasamu la kudumu na mkono mzito begani mwa watu. Profesa ndiye aliyeanzisha desturi ya kimya cha mwandishi. Rasimu ikifika mbele ya baraza la kituo, aliyeiandika hukaa mwisho wa meza na hafungui mdomo. Wataisifu, wataikatakata, wataigeuza kichwa chini miguu juu, yeye kimya. Akitamka neno moja tu, rasimu imetoka mezani na hairudi mpaka mwaka mwingine. "Kazi nzuri hujitetea yenyewe," Profesa alipenda kusema.

Sasa sikiliza alivyoitumia. Miaka ya nyuma Bi Kifungu aliandika ripoti kubwa juu ya wakuu wa vyuo wanaong'ang'ania madaraka. Alizunguka chuo hadi chuo, akalala nyumba za wageni zenye vitanda vya kuvunja mgongo, akahoji walimu waliokuwa wakiongea huku wanatazama mlango. Ripoti ilipofika mezani, Profesa aliisifu mpaka watu wakapiga makofi, kisha akashauri majina yapangwe upya "kwa kuzingatia uongozi wa mradi." Baraza likakubali. Mwandishi alikuwa amekaa pale pale, anameza mate machungu, maana angenena neno kazi yote ingezikwa. Ripoti ikachapwa kuwa kitabu, na jina la Profesa peke yake juu ya jalada. Jina la Bi Kifungu likawa kwenye ukurasa wa shukrani, chini ya jina la dereva.

Hilo pengine angelimeza. Lakini alikuwa na baba, mwalimu mstaafu, aliyekuwa ameshawaambia majirani wote kwamba binti yake ametoa kitabu. Mzee alivaa miwani, akakigeuza kile kitabu mbele na nyuma.

"Jina lako liko wapi, mwanangu?"

"Ndani, baba. Ndani kidogo."

Mzee akafunua kurasa kwa kidole mpaka akalipata. Akasoma la dereva, akasoma la binti yake, akakifunga kitabu polepole na kuuliza kama chai iko tayari. Mwaka ule ule akafariki. Siku ya maziko Bi Kifungu aliapa kimoyomoyo kwamba Profesa atatoka kwenye kile kiti kwa aibu, na atakayekikalia baada yake ni yeye. Akayaweka yote mawili moyoni kama kiapo kimoja.

Subira huvuta heri, wanasema, na wakati mwingine huvuta shari ya mtu mwingine. Uongozi wa chuo ukaagiza kituo kitunge kanuni za kuwapata wakurugenzi wa vituo vyote vya utafiti. Profesa, ambaye kuandika kulikuwa kunamchosha, alimtupia Bi Kifungu kazi hiyo bila kufikiri. Wakati huo alikuwa anamalizia kipindi cha pili cha ukurugenzi na anataka cha tatu. Baada ya hapo alikusudia kumwachia kiti mpwa wake, kijana aliyemwingiza kituoni na ambaye watu walikuwa wakimwita Mrithi, wakicheka, ingawa si kicheko cha furaha.

Bi Kifungu akakunja mikono ya blauzi.

Kifungu cha kwanza alichokiandika: mkurugenzi asizidi vipindi viwili. Cha pili: aliyefanya kazi chini ya mkurugenzi anayeondoka asimrithi. Hapo Mrithi kwaheri. Mwisho wa kifungu cha pili akaongeza sentensi moja ndogo: isipokuwa mtafiti aliyekuwepo kituoni kabla ya mkurugenzi huyo kuteuliwa. Mtafiti wa namna hiyo alikuwa mmoja tu, na alikuwa ndiye mwenye kalamu. Utamu wenyewe ulikuwa mahali pengine. Chini ya kila kifungu alinukuu kile kitabu: kama alivyothibitisha Profesa, kama alivyoonya Profesa. Apinge sasa, tuone. Apinge maneno yaliyotoka chini ya jina lake.

Jioni alimweleza mdogo wake, fundi cherehani, aliyekuwa anampimia gauni la siku ya kikao.

"Dada, wewe ni mbaya," mdogo mtu akasema, pini mdomoni, huku anacheka. "Na akikugeuzia kibao?"

"Atageuza nini? Nimemfunga kwa kamba yake mwenyewe."

"Haya. Simama wima basi, usitembee na ushindi kabla gauni halijaisha."

Siku ya kikao chumba cha baraza kilikuwa na joto, feni inazunguka kwa kusuasua. Mwenyekiti, mama mmoja mwenye sauti ya kuamrisha gwaride, alisoma rasimu kifungu kwa kifungu. Bi Kifungu alikaa mwisho wa meza, mikono mapajani. Kifungu cha kwanza kiliposomwa, wajumbe walimgeukia Profesa wote kwa pamoja. Profesa alitazama nukuu ya kitabu chake. Tabasamu lilibaki, lakini shingo ililowa jasho, na Bi Kifungu aliliona jasho hilo akalifurahia bila haya.

"Siwezi kupinga niliyoyaandika mwenyewe," Profesa akasema. "Kipite."

Kikapita. Bi Kifungu alitamani baba yake angekuwa kwenye kiti cha pembeni, na miwani yake.

Kifungu cha pili. Mrithi, aliyekuwa mwandishi wa kumbukumbu za kikao, akaacha kuandika. Profesa hakumtazama hata kidogo. Alinyanyua mkono.

"Mheshimiwa mwenyekiti, kifungu ni kizuri sana. Ila hii sentensi ya mwisho inanitia wasiwasi. Isipokuwa fulani, isipokuwa fulani. Katika kitabu changu nilionya kwamba kanuni yenye mlango wa nyuma si kanuni. Naomba sentensi hiyo ifutwe. Asirithi mtu wa ndani, yeyote yule."

Na kweli maneno yale yalikuwamo kitabuni. Bi Kifungu aliyakumbuka hata meza aliyoyaandikia, katika nyumba ya wageni, taa inakatikakatika. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Profesa sasa akamgeukia, akamkazia macho kwa upole wote wa dunia. Bi Kifungu alimwelewa papo hapo. Mzee hakuwa anapigania ile sentensi. Alikuwa anamngoja aseme. Neno moja tu la kujitetea, hata "samahani," na rasimu yote ingetoka mezani pamoja na kifungu cha kwanza. Kufikia mwaka mwingine Profesa angekuwa ameshaanza kipindi chake cha tatu. Alikuwa ameweka dau kwamba mwanamke huyu anakitaka kiti kuliko anavyotaka kisasi.

"Kuna hoja nyingine?" mwenyekiti akauliza.

Bi Kifungu alikitaka kiti kile. Alikitaka kwa mwili wake wote. Alishachagua hata dirisha ambalo meza ingeelekea. Ulimi ukapanda mpaka kwenye meno. Akaiona shingo ya Profesa, na lile jasho, na kidole cha baba yake kikitafuta jina chini ya jina la dereva. Akaung'ata ulimi, akamtabasamia mkurugenzi wake kwa mara ya kwanza tangu maziko.

Tabasamu la Profesa ndilo lililoanguka.

"Sentensi imefutwa. Kanuni zimepita," mwenyekiti akasema, na wajumbe wakaanza kukusanya karatasi na kuulizana kuhusu vinywaji.

Siku Profesa alipohamisha vitu vyake, walikutana kwenye ukumbi mwembamba wa ofisi. Mrithi alikuwa ametangulia na picha za ukutani.

"Umejikata pua uunge uso," Profesa akasema. "Tumekosa wote."

"Ndiyo, Profesa. Lakini tangulia wewe."

Akamfungulia mlango, akamsindikiza kwa macho mpaka ngazi ya mwisho, na furaha aliyoisikia ilikuwa tele, sitaki kukudanganya. Wiki nzima alitembea mwepesi.

Kisha akaja mkurugenzi mpya kutoka chuo cha mbali, mwanamke kijana kuliko yeye, mchangamfu, asiyejua lolote. Kitu cha kwanza alichofanya ni kwenda kugonga mlango wa Bi Kifungu.

"Shikamoo, dada. Nimeambiwa ni wewe uliyeandika zile kanuni. Nilitaka nikushukuru. Bila wewe mtu kama mimi asingefika hapa."

"Marahaba. Karibu sana," Bi Kifungu akajibu kwa sauti yake ya upole.

Mgeni alikaa, akaeleza mipango yake, akauliza ushauri na kuandika kila jibu. Hakuwa amemkosea chochote. Bi Kifungu alimsikiliza huku akiangalia viatu vyake, mkoba wake, namna anavyokatiza sentensi. Akajishtukia anatafuta kosa. Akaogopa, akataka kuacha, na vidole vikaanza vyenyewe kukunja mikono ya blauzi.