Mbwa wa Pili

Doreen Haapala aliendesha gari la kusukuma theluji la mji wa Corrigan Bay, kaskazini mwa Ontario, kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemchukia. Chuki alikuja kuionja baada ya kustaafu, baraza la mji lilipomteua mwenyekiti wa bodi ya polisi: raia watano, wasio na sare wala bunduki, ambao kazi yao ilikuwa kumwajiri mkuu wa polisi, kumwekea sera na kuamua apewe fedha kiasi gani.

Mambo yaliharibika mwezi wa Novemba. Asubuhi moja mbwa wa polisi alimchomoka askari aliyekuwa akimsaka mwizi wa magari, akamrukia Yvonne Sabourin, mama wa miaka sitini na moja aliyekuwa akigawa magazeti mlango kwa mlango. Alimnyofoa nyama ya mguu. Doreen alimwandikia Mkuu Gord Thibeault kuomba ripoti. Akajibiwa kwamba hayamhusu. Akaandika tena. Safari hii hakujibiwa kabisa. Yakaja maombi ya bajeti, na ndani yake fedha za kununulia mbwa wa pili.

"Wa pili!" alimwambia kaka yake Arvo Jumamosi, wakinywa kahawa baada ya kuoga mvuke kwenye sauna. "Wa kwanza hata hawajamtolea maelezo."

"Achana nao, Doreen. Wale watu utakuja kuwahitaji."

Hakuachana nao. Alitangaza kwamba bodi haitapitisha fedha za mbwa mpaka ripoti iletwe. Wiki hiyohiyo chama cha askari kikasimika mabango mbele ya nyumba za watu: HAAPALA ANACHEZEA USALAMA WAKO. Alisimamishwa barabarani mara tatu kwa siku nne, kila mara kwa kosa la taa ya nyuma, na kila mara taa ilikuwa inawaka. Kisha duka la Arvo la vifaa vya uvuvi likavunjwa na wezi. Askari walifika baada ya saa mbili nzima, na mmoja wao, akiandika bila kuinua macho, akasema, "Malalamiko mpelekee dada yako."

Arvo alimpigia Doreen simu papo hapo. "Umefurahi sasa?" Akakata.

Kikao kilikuwa Jumanne mchana, ukumbini juu ya maktaba. Askari wasio zamu walijaza safu tatu za mbele, mikono wameikunja vifuani. Mkuu Thibeault alisimama akitabasamu upande mmoja wa mdomo.

"Mama mwenyekiti, mbwa anaachiwa lini na anamkamata nani, hiyo ni kazi yetu. Sheria inakukataza kuniingilia."

"Sikwambii umkamate nani, Gord. Nauliza kama mna utaratibu, na kama mliufuata. Hilo sheria inanituma niulize."

"Maisha yako yote umesukuma theluji. Leo unatufundisha upolisi?"

Safu tatu zikaangua kicheko.

"Nimesukuma, ndiyo," alisema Doreen. "Na kila nilipogonga uzio wa mtu, nilipeleka ripoti siku hiyohiyo."

Kicheko kikakatika. Ulipofika muda wa wananchi kusema, aliyesimama wa kwanza alikuwa Arvo, kutoka katikati ya askari.

"Huyu ni dada yangu," alisema kwa hasira. "Mimi nimevunjiwa duka, na askari wanakuja wanajivuta, kisa yeye. Mpeni Mkuu fedha zake. Na huyu mtoeni hapo."

Sajini mmoja alimpigapiga begani. Doreen alitazama saa. "Asante kwa maoni yako," alisema. "Muda umekwisha."

Kura za fedha za mbwa zikapigwa: wawili upande huu, wawili ule. Akabaki Lorne Pritchard, mfamasia, ambaye kila mtu alijua amemwahidi Mkuu kura yake. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Nilikuja kukubali," alisema. "Lakini Arvo ameniambia nisilolijua. Kumbe tukiwauliza swali, wanachelewa kuja tunapoibiwa. Nakataa."

"Msaliti!" mtu alifoka. Viti vikaburuzwa kwa kishindo, askari wakatoka wote, na Arvo nyuma yao bila kugeuka.

Ripoti ililetwa baada ya siku kumi. Mbwa yule alikwisha kung'ata watu wawili kabla ya Yvonne, na Mkuu alijua. Mbwa aliondolewa kazini. Mkuu akastaafu mwezi wa Aprili, akafanyiwa sherehe ambayo Doreen hakualikwa. Mwezi wa Juni baraza likamteua mtu mwingine kwenye kiti chake, bila hata neno la asante. Arvo hakusema naye mwaka ule wote.

Nakala ya ripoti Doreen aliipeleka mwenyewe kwa Yvonne. Yvonne alifungua mlango nusu, akiegemea fimbo.

"Jina langu limezungushwa mji mzima," alisema. "Mpaka dukani wananinyooshea vidole. Uliniuliza?"

"Sikukuuliza."

"Ungeniuliza."

Yvonne akaipokea bahasha, akafunga mlango. Doreen alibaki amesimama kwenye ngazi, uso unamwaka, kisha akashuka polepole akirudi kwenye gari lake.